Mtoto Asomaye Vizuri Lakini Haelewi

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40

  Sisi tunazungumza nanyi kutoka Kibirichia, katika nchi ya Meru, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mahali pa baridi na ukungu ambapo viazi na kabichi hustawi vizuri.

Leo tungependa kuzungumza juu ya watoto wetu na vitabu vyao. Hatusemi juu ya mtoto asiyejua kusoma kabisa. Huyo hujulikana upesi, maana akisimama mbele ya wenzake hukwama kwenye neno la kwanza. Tunasema juu ya mtoto mwingine, ambaye shida yake imefichika. Huyu akipewa kitabu husoma kwa sauti nzuri. Hasiti, wala hakosei herufi. Wazazi hufurahi na kumshukuru Mungu. Lakini akikifunga kitabu, ukamwuliza habari ile imesema nini, hana la kusema. Maneno yamepita mdomoni mwake kama maji yapitavyo katika mfereji, wala shamba halikunyweshwa.

Mtoto wa namna hii yuko katika nyumba nyingi, na mara nyingi hakuna ajuaye. Kwa sababu hajulikani, huhesabiwa kuwa mvivu au mkaidi. Huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake, na mwisho huacha shule akiamini ya kuwa Mungu alimnyima akili. Basi jambo hili si dogo. Tulitazame pamoja katika nuru ya Neno la Mungu.

Mtu aliyesoma garini

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunasoma habari za mtu wa Kushi aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, alikokwenda kuabudu. Alikuwa ameketi garini mwake, akisoma chuo cha nabii Isaya. Roho akamwambia Filipo alikaribie gari lile. Filipo akapiga mbio, akamsikia yule mtu akisoma, akamwuliza kama alikuwa anafahamu maneno yale. Yule mtu akajibu kwamba hangeweza kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Kisha akamsihi Filipo apande na kuketi pamoja naye.

Hapa tuangalie mambo matatu.

Kwanza, Filipo alimsikia akisoma. Maana yake ni kwamba mtu yule alisoma kwa sauti, na maneno yakasikika vizuri hata mtu aliyekuwa akikimbia kando ya gari akatambua ni chuo gani. Kusoma kwake hakukuwa na kasoro. Mtu mwingine angelisema, huyu hahitaji msaada, akaenda zake.

Pili, mtu yule hakuwa mjinga. Maandiko yanatuambia alikuwa mkubwa katika serikali ya Kandake, malkia wa Kushi, naye alisimamia hazina yote. Mtu aliyeweza kuhesabu mali ya ufalme mzima alikuwa na akili timamu, lakini ukurasa ule ulimshinda. Basi kutoelewa unachosoma si alama ya upumbavu.

Tatu, Filipo hakutosheka na sauti aliyoisikia. Aliuliza swali. Na alipojibiwa, hakumcheka wala hakumkemea yule mtu. Alipanda, akaketi kando yake, akaanzia katika andiko lile lile alilokuwa akisoma.

Wapenzi, msaada wote tutakaousema leo uko ndani ya mambo haya. Tuulize, tuketi na mtoto, na tuanzie pale alipo. Lakini tukumbuke tofauti moja kubwa. Yule mkubwa wa Kushi aliweza kusema waziwazi kwamba haelewi. Mtoto mdogo hawezi. Mara nyingi hajui kwamba kuna kitu cha kuelewa. Anadhani kusoma ni kutamka tu, na kwamba amekwisha kufanya alivyotakiwa. Kwa hiyo ni lazima sisi tuanze kumwuliza.

Kwa nini shida hii hufichika

Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa, na Kimeru nacho hakina mbali. Mtoto akisha kujua ba, be, bi, bo, bu, aweza kusoma ukurasa mzima, hata wa maneno ambayo hajapata kuyasikia. Mtu wa Meru akipewa Biblia ya Kijaluo, ataweza kuzitamka herufi zile kwa kujikaza kidogo. Mjaluo aliye karibu atasikia na kubarikiwa, lakini msomaji mwenyewe hatapata kitu. Amewalisha wengine naye amebaki na njaa. Ndivyo alivyo mtoto tunayemsema.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza jambo hili kwa njia rahisi. Walisema kwamba kuelewa kitabu hutokana na mambo mawili yanayozidishana, yaani kuweza kuyatamka maandishi, na kuweza kuifahamu lugha yenyewe. Na katika hesabu, ukizidisha namba yoyote kwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto aweza kupata mia katika kutamka, lakini kama kufahamu lugha ni kudogo, kitabu hakitamfaa. Na kinyume chake pia ni kweli. Yuko mtoto afahamuye kila hadithi akisimuliwa, ila herufi humchanganya. Wote wawili wanahitaji msaada, lakini msaada wao si mmoja.

Shule zetu zimejitahidi sana. Tangu mwaka 2009 watu wa kujitolea wa mpango wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Kenya wakiwapima watoto, na ripoti zao za miaka iliyofuata zilisema kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, karibu watatu tu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa Tusome, na watoto wadogo wa shule za umma wakapata vitabu, kila mtoto na chake. Hapo mtoto alipimwa kwa maneno aliyoweza kuyasoma katika dakika moja, maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, kisha akaulizwa maswali. Hiyo ilikuwa kazi njema, na watoto wengi walifunguliwa mlango.

Lakini mtoto wetu huyu hupita katika mlango huo bila kushikwa. Maneno yake kwa dakika ni mengi kuliko ya wenzake. Darasani wakisoma pamoja, sauti yake ni ya kwanza. Maswali ya madarasa ya chini humpita kwa urahisi, maana jibu limo katika habari, naye hulinakili tu. Shida hutokea akifika Gredi ya 4, ambapo masomo hufundishwa kwa Kiingereza, vitabu huwa virefu, na maswali huuliza kwa nini. Hapo alama hushuka ghafla, na watu huanza kusema, mtoto huyu ameharibika.

Habari ya kijana mmoja

Tuliona jambo hili katika ushirika wetu. Alikuwako kijana wa Gredi ya 5, tena msomaji hodari. Siku ya Krismasi alisoma somo kanisani, na wazee wakampigia makofi. Mama yake hulima viazi, naye hakupata kusoma sana, kwa hiyo alimtegemea mwanawe kwa karatasi zote za nyumbani.

Siku moja mvua zilipozidi, ugonjwa ukaingia katika viazi na majani yakaanza kukauka. Mama akanunua dawa ya kunyunyizia, akampa kijana karatasi ya maagizo. Kijana akasoma yote, tangu juu mpaka chini, bila kukosea. Mama akamwuliza, "Haya, mwanangu, kwa pampu moja ya lita 20 tutie vijiko vingapi?" Kijana akaanza kuisoma karatasi tena tangu mwanzo. Mama akamwuliza mara ya pili. Akasoma mara ya tatu, sasa kwa sauti ya kulia.

Ndugu wa nyumba ile walikasirika. Wakasema anafanya makusudi, kwamba mtu asomaye namna ile hawezi kukosa kuelewa. Mjomba mmoja akashauri atolewe shule apelekwe kubeba magunia ya viazi sokoni, ajue maisha. Kijana mwenyewe hakujitetea. Alinyamaza tu, na tangu siku ile akakataa kusoma kanisani.

Aliyetambua ni nyanya yake. Huyo mama mzee hajui kusoma hata herufi moja. Lakini usiku, akiwasimulia wajukuu hadithi za sungura na fisi kwa Kimeru, alikuwa ameona kwamba mjukuu huyu hucheka baada ya wenzake kucheka. Huwatazama kwanza, ndipo acheke. Akamwambia binti yake, "Mtoto huyu si mkaidi. Hata hadithi yangu haimfikii. Mtafutieni msaada."

Wasikilizaji, tulistaajabu kwa hekima ile. Waliosoma walisikia sauti nzuri wakaridhika. Asiyejua kusoma ndiye aliyemtazama mtoto usoni.

Mama akaenda kwa mwalimu wa darasa, nasi tukamsindikiza. Mwalimu akamtazama kijana kwa majuma mawili, akathibitisha jambo lile. Hospitalini wakaona kwamba sikio moja, lililotoka usaha mara nyingi alipokuwa mdogo, halisikii vizuri, na ya kwamba huenda alikosa maneno mengi katika miaka ile ambayo mtoto hujifunza lugha. Baadaye akapimwa katika kituo cha elimu cha kupima watoto, na mwalimu akapewa njia za kumsaidia. Akaketishwa mbele, upande wa sikio zuri. Kila jioni nyanya humsimulia, naye husimulia tena.

Hatutawadanganya kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Hakuwa wa kwanza. Lakini sasa huinua mkono na kusema, "Mwalimu, hapo sijaelewa." Hilo peke yake ni jambo kubwa. Na karatasi ya dawa huisoma sentensi moja, akasimama, akamweleza mama yake, ndipo aendelee.

Jinsi ya kumtambua

Labda mzazi fulani anajiuliza, je, mtoto wangu yukoje? Tutataja alama chache ambazo mtu yeyote aweza kuziona bila vyombo.

Mpe mtoto habari fupi kama hii: Baba alitazama mbinguni, akashika turubai, akakimbilia magunia ya viazi yaliyokuwa shambani. Kisha mwulize, kwa nini Baba alikimbia? Mtoto aelewaye atasema, mvua ilikuwa karibu kunyesha. Neno mvua halimo katika habari ile, lakini amelitambua. Mtoto mwenye shida tunayoisema atakujibu, "Alikimbilia magunia," kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyaona.

Alama nyingine ni hizi. Mtoto afanya hesabu za namba vizuri, lakini hesabu ikielezwa kwa maneno, kama magunia yaliyouzwa na yaliyobaki, hajui ajumlishe au atoe. Hachekeshwi na hadithi, wala hashiki mithali na vitendawili, bali huyachukua maneno kama yalivyo. Katika habari yenye watu wawili hajui ni nani aliyefanya nini. Akitumwa mambo matatu kwa pamoja hufanya moja. Na akisoma neno asilolijua, hapiti kwa mashaka wala hasimami kuuliza, husonga mbele tu kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtoto yeyote aweza kuwa na moja ya hizi mara moja moja. Lakini zikiwa nyingi, na zikidumu, tusizidharau.

Iko njia nyingine ya kujua shida imelala wapi. Msimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, bila kitabu, kisha mwulize maswali. Kama aielewa vizuri kwa Kimeru, huenda shida yake ni kwamba Kiswahili au Kiingereza bado ni kigeni kwake, naye anahitaji maneno zaidi na muda zaidi. Kama hata kwa lugha ya mama haifuati, hapo shida ni ya ndani zaidi, na ni lazima kutafuta wataalamu mapema.

Mahali pa kupata msaada

Kwanza nenda kwa mwalimu wa darasa. Usiende kwa hasira wala kwa aibu. Mweleze ulivyoona, tena kwa mifano. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake, na mtoto mtulivu asomaye vizuri hupotea kwa urahisi katika darasa kubwa.

Pili, mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Hili ni jambo la kwanza kabisa katika uchunguzi wa mwili, na wengi hulisahau.

Tatu, ulizia kituo kinachoitwa kwa herufi EARC. Vituo hivi vilianzishwa katika Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa watu wa Denmark, ili watoto wenye shida za kujifunza wapimwe na wazazi washauriwe. Chuo cha KISE cha Nairobi, kinachofundisha walimu wa elimu maalum, kilifuata mwaka 1986, nacho pia hupima watoto. Mwalimu mkuu, au ofisi ya elimu iliyo karibu nawe, atakuelekeza kituo kilipo. Watu wengi hudhani vituo hivi ni kwa watoto vipofu, viziwi na viwete tu. Sivyo. Hata mtoto ambaye shida yake haionekani kwa macho ana haki ya kupelekwa huko.

Nne, tusimpeleke mtoto huyu kwa waganga, wala kwa wale wanaodai fedha ili kumwondolea laana. Sisi tunaamini maombi, na kila siku tunawaombea watoto. Lakini hatukuona mahali popote ambapo Bwana Yesu alimlipisha mtu, wala ambapo alimlaumu mtoto kwa udhaifu wake. Katika Marko sura ya 7 aliletewa mtu kiziwi mwenye utasi, akamtoa kando ya umati wa watu, wakawa peke yao, ndipo akamponya. Hakumwaibisha mbele ya watu.

Na tuseme neno moja juu ya fimbo. Sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa moyo. Hata kama sheria isingekuwako, tafakarini wenyewe. Mtu aliyepotea katika ukungu wa mlimani, ukimpiga, je, ataiona njia? Atakimbia tu, na kuzidi kupotea.

Mambo ya kufanya nyumbani

Huko Uingereza watafiti waliwafundisha watoto wa miaka 8 na 9 wenye shida hii hii, kwa majuma 20. Habari yao ilitolewa mwaka 2010. Kundi moja lilifundishwa kwa vitabu, kundi la pili kwa mazungumzo, yaani kusikiliza, kusimulia na kujifunza maneno mapya, na la tatu kwa njia zote mbili. Makundi yote yaliendelea. Lakini walipopimwa tena miezi 11 baadaye, kundi la mazungumzo ndilo lililokuwa limekwenda mbele zaidi.

Mnasikia jambo hili, akina mama na akina baba? Dawa iliyofaa zaidi ni kuzungumza na mtoto. Haihitaji fedha, wala shahada. Nyanya yetu wa Kibirichia aliifahamu bila kusoma utafiti wowote. Lakini katika nyumba nyingi siku hizi baba ameshika simu, mtoto ameshika simu, na jioni hupita bila hadithi hata moja.

Tena mwaka 1984 wataalamu wawili huko Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walionyesha mambo manne yanayomsaidia msomaji wa namna hii, nayo twaweza kuyafanya mezani kwetu. Asome kipande kifupi, kisha asimame. Aseme kwa maneno yake kipande kimesema nini. Aulize swali moja juu yake, kama mwalimu aulizavyo. Aonyeshe neno au mahali asipopaelewa. Na abashiri litakalofuata. Mwanzo mzazi afanye naye mtoto aangalie, kisha wabadilishane zamu. Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa nne za siku moja.

Wala usione haya kutumia lugha ya nyumbani. Habari iliyosomwa kwa Kiswahili yaweza kuelezwa kwa Kimeru. Lililofahamika katika lugha ya mama litapata njia ya kuingia katika lugha nyingine.

Neno kwa Kanisa

Mwisho, tuseme na Kanisa. Katika nchi za kuuzunguka Mlima Kenya Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kumwamini Kristo na kushika kitabu vilikwenda pamoja. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakukawia kuanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ili watu wayapate katika lugha wanayoifahamu. Na wazee wetu wa Kianglikana, katika kile Kifungu cha 24 cha vile Vifungu 39, walikataa ibada ya watu ifanywe kwa lugha wasiyoifahamu. Kufahamu ni sehemu ya imani yetu tangu mwanzo.

Katika Nehemia sura ya 8 tunaona watu wote wamekusanyika, na Ezra anasoma torati. Lakini kusoma hakukutosha. Walawi waliwaeleza watu maana, hata wakafahamu. Na walipofahamu ndipo walipolia, na baadaye wakafurahi sana.

Basi katika Shule ya Jumapili, na katika darasa la kipaimara, tusiridhike na mtoto aliyekariri Amri Kumi na Imani ya Mitume bila kituo. Tumwombe atueleze kwa maneno yake. Asipoweza, tusimfukuze darasani, wala tusimcheleweshe mwaka mzima kama adhabu. Tuketi naye. Mtoto huyu aweza kumpenda Mungu kuliko sisi, ila maneno yetu yamempita juu. Na akisoma somo kanisani, tusimpigie makofi tu tukaenda zetu. Mtu mmoja amwulize baada ya ibada, kwa upole, amesikia nini katika somo lile.

Nawe mtoto unayetusikiliza, ikiwa wewe ndiwe tunayemsema, usiogope. Wewe si mjinga. Mtu wa Kushi alikuwa mkubwa wa hazina ya malkia, naye alisema kwamba haelewi, wala Mungu hakumkasirikia. Mungu alimpelekea mtu wa kumsaidia. Mwambie mama, mwambie mwalimu, mwambie nyanya, hata leo, "Nasoma, lakini sielewi." Na ninyi mtakaoambiwa neno hilo, lipokeeni kwa shukrani, maana mtoto amewafungulia moyo wake.

Maandiko yanasema yule mkubwa wa Kushi, baada ya kuelezwa na kubatizwa, alikwenda zake akifurahi. Alikuwa na kitabu kile kile, na njia ile ile ya jangwani. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliketi kando yake.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyewafunulia wanafunzi wako Maandiko walipokuwa njiani hata mioyo yao ikawaka, twawaleta mbele zako watoto wetu ambao shida yao haionekani. Wape wazazi macho ya kuona na subira ya kuketi nao. Wape walimu nguvu katika madarasa yaliyojaa. Waongoze madaktari na wapimaji. Uwaondolee watoto aibu na hofu, uwape ujasiri wa kuuliza. Nasi katika Kanisa lako, utufanye kuwa Filipo kwa kila mmoja wao. Twaomba haya kwa njia ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.